Sura ya Sita: Sekunde Tisa

Mzee Sylvesta Qamara alikuwa na siku ya tatu mahabusu, na dhamana yake ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mdhamini. Alitakiwa jirani mmoja mwenye kitambulisho aje kituo cha polisi cha Babati, aweke sahihi, amchukue. Kutoka Sigino bodaboda inafika upesi. Hakuna aliyekuja.

Aliyekuja kila asubuhi ni mkewe, Mama Felix, na Mkuu wa Upelelezi, Afande Aminiel, alishasema hataki mdhamini wa nyumba moja na mtuhumiwa. Sajini Kandida Tluway alimkuta mama huyo kwenye benchi la nje, hotpoti ya makande mapajani, viatu vyake vikiwa na vumbi jekundu hadi kwenye vifundo.

"Umekuja kwa miguu?" Kandida alimuuliza.

"Bodaboda wa kwetu hawanibebi, afande. Hata salamu hawaitikii. Kuna Mama Wilbroad pale kwenye bomba, namwamkia kila asubuhi kama mama yangu mzazi. Anatazama ndoo yake."

Alisema hayo bila kulia, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kandida akampokea hotpoti, akaingia ndani.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuieleza. Babati nzima ilipiga simu kwa laini za Upeo. Wakulima walitazama mvua kwenye programu ya Upeo, wazazi walipokea matokeo ya shule kupitia Upeo, na hata majalada ya polisi yalitunzwa kwenye mfumo wa Upeo. Miaka miwili iliyopita kampuni hiyo ilijenga kituo cha data Sigino, jengo refu lisilo na madirisha. Ndani yake mashine zinafanya kazi usiku na mchana, mashine zinapata joto, na joto hilo linapozwa kwa maji. Maji yalikuwa ya kisima cha mtaa. Mkataba ulisema Upeo watachukua ziada tu, labda kaya zenyewe ziridhie vinginevyo.

Mwezi wa sita, kaya arobaini na moja kati ya arobaini na nane ziliridhia kwa simu kwamba Upeo wapewe maji kwanza. Tangu hapo bomba la Sigino lilitoa maji mara moja kwa siku tatu. Mboga zilikauka, ng'ombe wakaanza kupelekwa mbali kunywa, na visima vifupi vya mkono vikabaki na tope. Na katika watu hao arobaini na moja, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuridhia chochote.

Watu wakatafuta wa kumlaumu. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Sylvesta, alikuwa karibu kuliko kampuni; wakasema ndiye aliyeridhia kwa simu zao.

Kandida alimtoa mahabusu, akamkalisha kwenye chumba cha mahojiano, akamwacha ale kwanza. Mzee alikula nusu, akafunika.

"Jumapili ile ya mwezi wa sita umeme ulipokatika," Kandida alianza, "simu za watu zilikuwa kwako."

"Zilikuwa kwangu. Nina sola. Walizileta wakati wa kwenda misa, wakazichukua jioni."

"Ngapi?"

"Sikuhesabu. Arobaini zinafika."

"Ulizifungua?"

"Nizifungue ili iweje, mwanangu? Yangu mwenyewe hufunguliwa na mjukuu."

Kandida alimsogezea karatasi aliyopewa na Upeo wiki iliyopita. Ilikuwa na majina tu, na mbele ya kila jina neno moja: ameridhia, au hakuridhia. Mzee aliisoma kwa kidole, taratibu, akirudi nyuma kila mara.

"Na mimi nimo humu?"

"Umo. Namba kumi na tisa."

"Basi hata mimi nimejiuza," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo.

Kandida alimwonyesha wale saba ambao hawakuridhia, akamuuliza ni watu gani. Mzee aliyarudia majina kwa kidole. Akasema hao ni watoto. Wameoa juzi, wamejenga juzi. Mmoja wao ni Leonard, yule aliyekuja kituoni kuandikisha malalamiko dhidi yake.

Afande Aminiel alipoelezwa jambo hilo alilipokea kwa furaha ya mtu anayetaka kufunga jalada. Alisema ni wazi. Mzee alichagua simu za wazee wenzake wasiojua kusoma, akaridhia kupitia zote Jumapili ile, na zile za vijana akaziogopa kwa sababu vijana wangeona ujumbe wa kuthibitisha. Kughushi. Kesho saa tatu mzee apelekwe mahakamani.

"Sijaona saa walizoridhia, afande," alisema Kandida.

"Ukaangalie. Lakini jalada liwe mezani kwangu leo jioni."

Ofisi ya Upeo ilikuwa Bagara, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la pembejeo. Kiyoyozi kilipuliza hadi mtu akaona aibu kwa jasho lake. Afisa mahusiano aliitwa Jovin, kijana wa Bukoba mwenye sauti ya upole, na nyuma ya kiti chake kilining'inia cheti chenye fremu kikisema yeye ni mfanyakazi bora wa kanda.

Kandida aliomba vitu viwili. Cha kwanza, sauti za watu wenyewe wakiridhia. Jovin alisema sauti zipo, ila hazikai Babati.

"Zinakaa wapi?"

"Mbali, dada."

"Mbali wapi? Arusha?"

"Kusema ukweli sijui. Nami nikizitaka naandika maombi, na maombi yanajibiwa na mfumo."

"Mashine ziko Sigino, zinakunywa maji ya Sigino, na sauti za watu wa Sigino ziko mbali."

Jovin alitazama kalamu yake. Alisema zile za Sigino zinatunza mambo ya watu wengine.

Cha pili kilikuwa tarehe, saa na muda wa kila simu. Hicho alikuwa nacho. Alichapa kurasa nne, akazibana kwa pini. Kandida alisimama palepale akisoma ukurasa wa kwanza. Hakuna simu hata moja iliyopigwa Jumapili. Zote zilipigwa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, mchana, wakati kila simu ilisharudi kwa mwenyewe. Dhana ya Afande Aminiel ilikufa hapo, ikiwa imesimama.

Kisha akaona safu ya mwisho. Sekunde nane. Sekunde kumi na moja. Sekunde saba. Mama Wilbroad, sekunde tisa.

"Maelezo yenu ya ridhaa nimeyasoma," alisema. "Ni aya tatu. Mtu anayasikilizaje kwa sekunde tisa?"

"Mteja akikubali mapema, mfumo haumchoshi."

"Anakubali kabla hajaambiwa?"

Jovin alisema yeye si mtu wa mitambo. Yeye aliongeza adabu tu. Mwanzoni mashine ilianza na "Habari, mteja," na watu wa huku walikuwa wanakata. Akawaandikia wakubwa kwamba Watanzania wana heshima zao, mashine ianze kwa kuamkia. Tangu siku hiyo watu hawakati. Alikigeukia kile cheti, halafu akageuka tena haraka, kama aliyegundua kwamba huo haukuwa wakati wa kujisifu.

"Leo wanapigiwa tena," aliongeza. "Ridhaa inahuishwa kila baada ya miezi miwili. Kuanzia saa nane."

Ilikuwa saa sita na nusu. Kandida alizikunja zile kurasa nne, akazitia ndani ya shati, akaenda kuwasha pikipiki ya kituo.

Sigino unaisikia kabla hujaiona. Mvumo wa feni za kituo cha data ulianzia barabarani, ukazidi kadiri alivyopanda, sauti moja isiyopumua. Leonard alikuwa kwenye kitalu chake cha mchicha, ambacho sasa kilikuwa matuta matupu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano na alikuwa na hasira ambayo haikupata pa kukaa.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mmempeleka mahakamani?"

"Bado. Mwezi wa sita, Upeo walikupigia?"

Leonard alikumbuka. Alikuwa amepanda juu ya paa. Akapokea, akasikia sauti ya mwanamke mtu mzima kabisa, ikamwambia shikamoo.

"Ukajibuje?"

"Nijibu nini, afande? Mama mzima ananiamkia mimi? Nikajua tapeli huyo. Nikamwambia wewe nani, akanyamaza, nikakata."

"Wenzako walioandikwa kwamba hawakuridhia, nao walikata?"

"Tulichekana wote siku ile. Mwingine alimwambia amekosea namba, aende akamwamkie babu yake."

Alicheka kwa pua, kisha akaona Kandida hacheki. Kandida alikuwa amesimama na kalamu juu ya daftari, haandiki. Akatazama saa mkononi. Ilikuwa saa nane kasoro. Kandida akaondoka bila kuaga vizuri.

Mama Wilbroad alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye nyumba ya bati na mti mmoja wa parachichi uliokuwa unapukutisha majani. Alikuwa anapepeta maharage uani. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, cha polepole, na kila neno lilitoka na uzito wa Kiiraqw. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za nyumbani, maana Kandida naye ni mtu wa Mbulu. Kisha Kandida akamwomba kitu kimoja tu: simu yake ikiita, aipokee kama anavyopokea siku zote, ila aweke sauti ya nje.

"Hiyo ya nje sijui iko wapi."

Kandida alimwonyesha. Alipoishika ile simu ndogo aliona alama ya bahasha ikiwaka. Kikasha cha ujumbe kilikuwa kimejaa tangu mwezi wa nne. Hakuna ujumbe wowote ambao ungeweza kuingia, na kama ungeingia, hakuna ambaye angeusoma.

Wakakaa. Mama Wilbroad aliendelea kupepeta. Mvumo wa feni ulikuwapo. Saa nane na dakika sita simu iliita, na Kandida akatazama saa yake ya mkononi.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya kike, laini, isiyo na haraka.

"Marahaba mwanangu," alisema Mama Wilbroad. Alijisogeza, akaikumbatia simu kwa mikono miwili. "Hujambo? Watoto hawajambo? Mwana..."

Simu ikakatika.

"Wanakatikaga hivyo," alisema Mama Wilbroad. "Mtandao mbaya. Mtoto ana adabu sana, lakini hata jina sijawahi kulipata."

Sekunde tisa. Kandida alizitoa zile kurasa shatini, akafunua ule wa nne, ambao alikuwa hajausoma kwa sababu juu yake paliandikwa kiambatisho. Chini ya kichwa "Maneno ya Kuridhia" palikuwa na orodha fupi. Ndiyo. Ndio. Sawa. Haya. Naam. Nimekubali. Marahaba.

Mtu fulani, mahali fulani, alifungua kamusi. Kwenye kamusi marahaba ni jibu la shikamoo, na pia ni neno la kukubali jambo. Hakukosea kusoma. Ila hakuwahi kuamkiwa.

Kandida alimweleza Mama Wilbroad, mara ya kwanza kwa Kiswahili, mara ya pili kwa lugha yao. Kwamba yule mtoto mwenye adabu si mtoto. Kwamba neno lile moja ndilo lililotoa maji. Kwamba Baba Felix hakugusa simu ya mtu.

Bibi aliacha kupepeta. Ungo ulibaki mapajani.

"Mimi nimeitikia salamu."

"Najua, mama."

"Mtu akikuamkia, ameshika miguu yako. Utamwachaje ameinama pale chini?"

"Kwa hiyo unaitikia kila salamu."

"Tangu nimekuwa mtu mzima."

Kandida alikuwa amechoka, na pengine ndiyo maana alilisema bila kulipunguza makali.

"Mama Felix anasema anakuamkia kila asubuhi pale kwenye bomba."

Mama Wilbroad aligeuza kichwa. Alitazama upande wa bomba, ambako madumu ya njano yalipangwa foleni bila watu, kila dumu likimshikia mwenyewe zamu, na moja limesukumwa nje ya mstari. Kisha akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga safi na kitambulisho mkononi, kwenye mfuko wa nailoni.

"Hiyo pikipiki yako," alisema, "inabeba mtu mzee?"

Afande Aminiel alisoma ukurasa wa nne mara mbili. Halafu akauweka mezani, akausawazisha kwa viganja.

"Salamu," alisema.

"Salamu, afande. Arobaini na moja. Na leo mmoja wao ameridhia tena mbele yangu, huku mzee yuko mahabusu. Simu yake ninayo mimi, imezimwa."

"Nani mtuhumiwa sasa?"

Kandida alivuta kompyuta, akafungua jalada, akafuta jina la Sylvesta Qamara na kuandika jina la kampuni. Mfumo ulikataa. Palitakiwa namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, na jina la baba. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, mfumo uliwashukuru kwa kutumia huduma za Upeo. Wote wawili walisoma maneno hayo.

"Andika kwa mkono," alisema Aminiel. "Kwenye jalada la karatasi. Nitalipeleka kwa wanasheria wa serikali, watalikalia, unajua watakavyolikalia. Maji ya Sigino siyawezi mimi. Siwezi kuzima bomba la watu wenye mkataba." Akavua miwani, akajikanda macho. "Mzee siwezi kumfutia kwa sababu ya neno moja, hadi wakubwa waseme. Lakini kesho simpeleki mahakamani. Mdhamini akipatikana, atoke leo."

"Yuko nje."

Mama Felix alikuwa palepale kwenye benchi, akingojea hotpoti yake. Mama Wilbroad alikuwa amesimama mlangoni, hajakaa, mfuko wa nailoni kifuani. Mama Felix alipomwona aliinuka nusu. Aliamkia kwa mazoea, macho yakiwa sakafuni, kama mtu anayegonga mlango anaojua hautafunguliwa.

"Shikamoo mama."

Saa ya ukutani juu ya kaunta ilikuwa na mshale wa sekunde. Kandida hakukusudia kuhesabu, lakini siku nzima alikuwa anahesabu. Tatu. Nne. Askari wa kaunta aliinua kichwa. Saba. Nane.

"Marahaba," alisema Mama Wilbroad. "Marahaba, Mama Felix." Akakaa kwenye benchi, karibu naye, khanga zao zikigusana.

Kandida alileta fomu ya dhamana na kidau cha wino. Alimwonyesha mahali pa dole gumba. Mama Wilbroad hakunyoosha mkono.

"Panasema nini hapo?"

"Panasema unamdhamini Baba Felix."

"Soma."

Kandida akasoma. Mimi niliyetajwa hapo juu, mkazi wa Sigino, naahidi kumleta mtuhumiwa kituoni kila atakapohitajika. Bibi akauliza, na asipokuja? Akajibiwa kwamba atatafutwa yeye. Akaomba hapo parudiwe. Kandida akarudia, kisha akatafsiri kwa Kiiraqw. Askari wa kaunta alipiga mwayo. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kizingiti.

Katikati ya aya ya pili simu ililia ndani ya khanga. Mama Wilbroad aliitoa. Kandida aliona jina kwenye kioo: Upeo. Kampuni hiyo ilikuwa na mambo mengi ya kuwauliza watu. Bibi aliitazama ikitetemeka kiganjani, akaigeuza, akaikalia.

"Hupokei?" aliuliza Mama Felix.

"Nisipopokea, sijaamkiwa," alisema Mama Wilbroad. "Endelea kusoma, mwanangu."

Kandida akasoma hadi mwisho, na tarehe, na jina la ofisa. Hapo ndipo bibi alipochovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi na kulishikilia, kama anayezuia kitu kisitoke. Dakika ishirini na mbili zilikuwa zimepita.

Mzee Sylvesta alitolewa akiwa ameshika mkanda wake mkononi. Alisimama mbele ya lile benchi, akamwona mkewe, akamwona na aliyekaa naye. Hakujua aanzie kwa nani.

"Twende nyumbani, Baba Felix," alisema Mama Wilbroad. "Dumu lako nimelikuta nje ya foleni. Tutalirudisha."

"Maji yametoka?"

"Hayajatoka."